Dola ikipanda tunaumia, ikishuka tunaumia

Nyumbani kwetu Mikindani tuko watu wawili wa viwandani. Mimi niko stoo katika kiwanda cha plastiki upande wa Changamwe: mabeseni, ndoo, mitungi, na vile viti vyeupe vya harusini na matangani. Shemeji yangu, mke wa kaka, ni mshonaji kwenye kiwanda cha EPZ, yaani eneo la viwanda vya kuuza nje, laini ya suruali za jinzi. Suruali zake zaenda Marekani moja kwa moja. Zikionekana Mombasa, basi ni baada ya Wamarekani kuzichoka, zikarudi Kongowea ndani ya bunda la mitumba.

Kwa hesabu ya kawaida, nyumba yetu ingepaswa kuwa salama. Kiwanda changu hununua nje na kuuza hapa, kwa hiyo dola ikipanda kinaumia. Chake huuza nje, dola ikipanda kinanona. Mmoja akilia mwenzake acheke, na sufuria ya jioni isijue tofauti. Tangu 2022 naingoja hesabu hiyo itimie. Dola ilipanda, tukabanwa sote wawili. Ikashuka, tukabanwa tena. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na jibu nimelipata mahali ambapo wengi wetu hatutazami: kwenye mchanganuo wa tokeni za stima.

Ukinunua tokeni, pesa yako haigeuki stima yote. Kuna gharama ya mafuta, kuna tozo hii na ile, kuna VAT ya asilimia 16, na katikati yake pana msitari mfupi wa marekebisho ya fedha za kigeni. Sekta ya umeme ina mikopo na mikataba ya kununua umeme inayolipwa kwa dola na yuro, na shilingi ikidhoofika ile tofauti haiwakalii wao. Huhesabiwa kila mwezi, huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha huteremka mpaka kwenye mita ya chumba kimoja kule Bokole. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa sababu ya msitari huo. Ni halali, umeandikwa, una fomula yake.

Nilipoujua nikaanza kuutafuta kwingine, na upo. Bandari yetu ya Kilindini ina orodha ya ada za mizigo iliyopangwa kwa dola. Kampuni za meli hutoza kontena lililochelewa kurudishwa, kwa dola. Kiwanda nacho, chini kabisa ya karatasi ya bei inayopewa wateja, huandika kwamba bei zaweza kubadilika bila taarifa. Kila aliyeko kwenye mnyororo huu ana mahali pa kuisukumia dola inapompiga, isipokuwa anayepokea mshahara wa shilingi. Huyo ndiye wa mwisho, na nyuma yake kuna ukuta.

Nianze na upande wangu, kwa sababu stoo ndiko mambo huonekana kwanza.

Malighafi yetu ni punje za plastiki, nyeupe kama mchele, ndani ya magunia ya kilo 25. Zote hutoka nje, nyingi nchi za Ghuba. Tuseme kontena la futi arobaini limegharimu dola 30,000. Dola ikiwa shilingi 115, hiyo ni milioni 3.45. Ikiwa 160, ni milioni 4.8. Punje ni zile zile, muuzaji ni yule yule, na bei ya huko kwao haijasogea hata senti. Kisha yaja mambo ya forodha. Thamani ya mzigo hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha wakati huo, kwa hivyo VAT nayo hupanda bila mtu yeyote kubadilisha sheria. Asilimia 16 ya ile nyongeza ya milioni 1.35 ni shilingi 216,000. Mwenye kiwanda ataidai baadaye, sawa, lakini leo lazima aitoe.

Na hapo nimechukulia kwamba dola zenyewe zimepatikana. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Kufikia mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 2023 shida haikuwa bei peke yake, ilikuwa kuzipata. Benki ziligawa kidogo kidogo, na kiwango kilichotangazwa na Benki Kuu hakikuwa kile ulichouziwa ukifika kaunta. Chama cha wenye viwanda, KAM, kililalamika hadharani. Kwetu, mhasibu alikuwa akiokota elfu kadhaa benki hii, elfu kadhaa benki ile, mpaka zitimie za kulipia kontena ambalo tayari limefika na linamaliza siku zake za kukaa bandarini bure. Siku za bure zikiisha, gharama huanza kuhesabika. Kwa dola, bila shaka.

Machi 2023 Rais Ruto aliwaonya waliokuwa wakificha dola kwamba wangekuja kupata hasara, kwamba bei ingeshuka. Mwaka ule haikushuka. Ilishuka mwaka uliofuata, na nitafika huko.

Sasa hizi ni habari za wahasibu, mtu aweza kusema, zamhusu nini mtu wa mashine? Niwaeleze kuhusu madonge.

Mashine ya kuumba plastiki haipendi kuzimwa ovyo. Ndani yake mna bomba nene lenye skrubu ndefu, na kwa plastiki tunayotumia kwenye mabeseni bomba hilo hupashwa moto kupita digrii 200. Ukizima plastiki ikiwa ndani, inaganda. Ukiwasha, yakubidi ungoje bomba lipate moto sawasawa, kisha usukume nje ile iliyokaa humo ikaungua. Hutoka donge zima zima, rangi ya kahawia na nyeusi, linafuka moshi na kuwasha macho, na hutupwa sakafuni kando ya mashine lipoe. Kiwanda kikienda vizuri, mashine haizimwi, na madonge utayaona labda Jumatatu asubuhi. Mwaka 2023 yalijaa kona nzima nyuma ya stoo yangu, maana punje zilikuwa zikikatika katikati ya wiki, mashine inazimwa, kontena linatolewa, inawashwa tena. Sikuhitaji kusikiliza habari za fedha saa moja jioni. Nilikuwa nikitazama lile rundo tu.

Mashine ikizimwa, watu wa mashine nasi wa stoo tunapewa fagio. Tunafagia, tunapanga mabeseni kwa rangi, tunapaka mafuta vifaa vilivyokwisha pakwa mafuta jana. Hiyo ni wiki ya kwanza. Wiki ya pili ovataimu imekatwa na shifti ya usiku haipo. Wanaoajiriwa moja kwa moja wanaombwa wachukue likizo zao sasa, hata yule aliyeiweka likizo yake kwa ajili ya mfungo wa Ramadhani.

Vibarua hakuna hata anayewaambia neno. Wanafika getini saa kumi na mbili asubuhi, kitambulisho mkononi, supavaiza anatoka na daftari, anaita majina machache kuliko jana, geti linafungwa. Waliobaki nje wanakaa kidogo pale kwa muuza chai, pengine lori la mzigo litakuja wahitajike kushusha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kutimia mwezi huhesabiwa kuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi, si kibarua wa siku tena. Wenye viwanda wanakijua kifungu hicho kuliko vibarua, na wengi wao huhesabu siku. Kwa hivyo dola inapopanda, mlango wa kwanza wa kupunguzia gharama huwa uko wazi tayari. Hauhitaji ruhusa ya benki wala ya wizara.

Kuna hoja moja niliisikia sana wakati ule, tena kutoka kwa watu wasomi: shilingi dhaifu ni nzuri kwa viwanda vya ndani, kwa sababu beseni la kutoka China litakuwa ghali na watu watanunua letu. Ingekuwa kweli kama beseni letu lingetengenezwa kwa mchanga wa Nyali. Letu na la China yote mawili yanaanza na dola. Anayeleta la China analipia dola beseni zima, sisi tunalipia dola punje, mashine, kalibu za kuumbia, vipuri, na kasehemu ka stima. Nafasi inayobaki katikati ni ndogo, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mlimo mshahara wangu.

Wenye malighafi ya hapa hapa ni hadithi nyingine. Wavunaji chumvi wa Gongoni na Marereni bahari hawailipii kwa dola. Mkonge wa Vipingo unaota kwenye udongo wa Kilifi na kuuzwa ng'ambo. Dola ikiwa 160 watu kama hao wanapaswa kupumua. Nina binamu kwenye chumvi. Nilimuuliza kama mwaka 2023 walipumua. Alicheka, akaniuliza kama nina mia mbili ya kumtumia.

Tuje kwa shemeji sasa, kwa sababu upande wake ndio uliofundisha zaidi.

Wanauchumi husema shilingi ikishuka wauzaji wa nje hunufaika. Ni kweli, lakini tazama wananufaika na nini hasa. Kitambaa cha jinzi huletwa kutoka Asia, kwa dola. Zipu, dola. Vifungo, lebo, uzi, dola. Suruali ikimalizika hulipwa kwa dola. Kwa vitu hivyo vyote, shilingi ikiwa 100 kwa dola au ikiwa 200 ni mamoja, maana dola imeingia na dola imetoka. Katika suruali nzima vitu vya shilingi ni vichache: sehemu ya stima, lori la kutoka kiwandani hadi bandarini, chai ya ofisini, na mikono ya shemeji. Kikubwa kati ya hivyo ni mikono.

Mei 2022 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa asilimia 12. Kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kikawa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Dola wakati huo ilikuwa kama 116, kwa hivyo mtu huyo alimgharimu mwajiri dola 131. Mwaka 2023 nyongeza haikuwepo. Januari 2024 dola ikapita 160, na mtu yule yule, kwa mshahara ule ule, sasa anagharimu dola 95. Hakuna aliyekatwa hata shilingi. Payslipu zinafanana. Lakini kwa anayehesabu kwa dola, zaidi ya robo ya gharama ya mtu huyo imeyeyuka. Mshonaji mwenye ujuzi hulipwa zaidi ya hapo, ila ukipiga hesabu yake utapata robo ile ile.

Ndiyo faida yenyewe hiyo ambayo hutajwa kwenye magazeti kama ushindani wa bidhaa zetu sokoni. Kwa mwajiri shilingi zile 15,201 zimekuwa nafuu. Kwa aliyezipokea zimekuwa hafifu. Mafuta ya kupikia tunayotumia ni ya mawese, yanatoka Malaysia na Indonesia. Sehemu kubwa ya ngano ya nchi hii hushushwa kwa meli. Tangu mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe usimame mwaka 2013, petroli yote huja ikiwa imeshasafishwa, na Oktoba 2023 lita moja Nairobi ilipita shilingi 217. Hapa kwetu, kwa kuwa ndiko meli hushusha, ilikuwa chini kwa shilingi chache tu. Mama anayetuuzia mahamri asubuhi hakupandisha bei kwa muda mrefu. Alipunguza hamri. Ilifika mahali ukiipasua kuweka mbaazi, mbaazi zinabaki nje.

Nakumbuka shemeji mwaka ule alikuwa akirudi usiku karibu kila siku. Oda zilikuwepo, na tageti ilipandishwa: mifuko ya nyuma mingi zaidi kwa saa, kwa kuwa yeye huwa kwenye mifuko ya nyuma. Ovataimu ilisaidia, siwezi kukataa. Lakini ovataimu ni saa zake, alizitoa mwilini mwake. Haikuwa gawio la dola.

Kisha Februari 2024 mambo yakageuka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Serikali ilikuwa na deni la Yurobondi, hati fungani iliyouzwa ng'ambo kwa dola, la mwaka 2014, dola bilioni 2, lililotakiwa kulipwa Juni 2024, na wasiwasi kwamba halingelipika ndio uliokuwa ukiikandamiza shilingi. Ikakopa dola bilioni 1.5 mpya, ikanunua sehemu kubwa ya lile la zamani. Wiki hiyo hiyo hati fungani ya miundombinu, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, ikavuta pesa za ndani na za nje. Serikali iliomba bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240. Benki Kuu chini ya Gavana Kamau Thugge ilikuwa imeshapandisha riba yake hadi asilimia 12.5 mwezi Desemba, ikaongeza hadi 13. Dola ikaanguka kutoka 160 na kitu mpaka karibu 130 kabla ya Aprili. Baadaye ikatulia kwenye 129 na ushei, na hapo ikaganda.

Magazeti yakashangilia. Kwenye baraza letu, wazee walishangilia pia, na mimi nikafurahi, kwa sababu za stoo. Punje zilianza kupatikana. Shemeji akarudi mapema siku hizo, akaketi bila kuvua buibui, akasema wameitwa mkutano.

Wameambiwa nini?

"Tumeambiwa dola imeanguka. Kiwanda kinapata hasara. Tageti ipande, ovataimu isimame, na wenye mikataba inayokwisha mwezi huu wangoje kuitwa."

Kaka akamwambia labda ni kweli. Akajibu: "Ni kweli. Mimi sikukataa. Ila ilipopanda mbona hawakutuita mkutano?"

Nimesoma mengi kuhusu viwango vya kubadilisha fedha tangu siku hiyo, na sijapata sentensi iliyokaa sawa kuliko hiyo.

Kuwa mwadilifu kwa mwajiri, hasara ilikuwepo. Alikubali oda miezi ya nyuma kwa bei ya dola, akijua atageuza dola zile kwa 155 au 160 alipe mishahara. Pesa ilipoingia, akazigeuza kwa 132. Novemba 2024 kima cha chini kilipandishwa asilimia 6, yule mtu wa 15,201 akawa wa 16,113.75. Kwa dola 129 hiyo ni karibu dola 125. Kutoka 95 hadi 125 ndani ya miezi kumi: gharama ya mfanyakazi imepanda kwa zaidi ya asilimia 30, na mfanyakazi mwenyewe ameona asilimia 6 pekee, kabla ya makato. Asilimia nyingine zote amezipata nani? Hakuna aliyezila. Zimetokana na kugeuza kipimo, basi. Mnunuzi wa Marekani yeye anatazama orodha yake: Mombasa 125, na kule Asia ya kusini kuna nchi ambazo fedha yao haijapanda. Juu ya hayo, Aprili 2025 Marekani ikatuwekea ushuru wa asilimia 10. Oda hazihami kwa kelele. Hupungua tu msimu huu, na msimu ujao laini moja inafunikwa turubai.

Na bei za nyumbani? Petroli ilishuka, hilo nakiri, kufikia Novemba 2024 Nairobi ilikuwa kama shilingi 180. Nauli tuliyopandishiwa haikurudi ilikokuwa. Mafuta ya kupikia yalishuka kidogo. Hamri haikukua. Kwetu kiwandani, bei ya beseni ilishushwa baada ya miezi, kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa bado ana punje za 160 ndani ya stoo na hakutaka kuuza kwa hasara. Nilizihesabu mwenyewe, na ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Kwa hivyo bei ikipanda huchukua dola ya kesho, na ikishuka husubiri dola ya jana iishe.

Halafu kuna ile riba. Dawa iliyoitibu shilingi ilitiwa pia kwenye mkopo wa kiwanda. Mashine mpya tuliyoahidiwa tangu enzi za korona iliahirishwa, kwa kuwa mkopo wa benki ulikuwa umekwea mpaka hausogeleki. Watu wa 2011 wanaijua dawa hiyo: shilingi ilipofika 107 kwa dola mwezi Oktoba, Benki Kuu ilipandisha riba mpaka asilimia 18 kufikia Desemba. Shilingi ilipona. Walioumia kwa dawa hawaandikwi kwenye takwimu za ugonjwa.

Kuna mzee jirani yetu, alifanya kazi ya nguo zamani, wakati kuingiza bidhaa kulihitaji kibali na dola ziligawiwa na Benki Kuu. Ukimtaja dola anaanza na 1993. Mwisho wa 1992 dola ilikuwa shilingi 36 hivi. Mwaka mmoja baadaye, udhibiti umelegezwa na nchi inanuka kashfa ya Goldenberg, ilikuwa karibu 68. Milango ya mitumba ikafunguka wakati huo huo. Viwanda vya vitambaa vikaanza kufa mmoja baada ya mwingine, KICOMI ya Kisumu ikiwemo. Mzee husema walikufa kwa mitumba. Mwanawe, aliyesomea biashara, husema walikufa kwa sababu walikuwa wamezoea dola za bei ya serikali. Wamebishana miaka, na nafikiri wote wawili wako sawa, lakini sikai kuwasuluhisha.

Tulio Pwani tuna dola nyingine pia, ndogo, ambayo Nairobi hawaijali: shilingi ya Tanzania. Mwaka 2022 shilingi yetu moja pale Lunga Lunga ilikuwa inanunua kama ishirini za kwao. Mwanzo wa 2024, kumi na tano na ushei. Machungwa na vitunguu vya Tanga vikawa ghali Kongowea, na mabeseni yetu, kwa miezi ile, yakawa rahisi upande wa pili. Tuliuza mengi Horohoro kuliko tulivyozoea. Aprili mambo yakarudi ishirini, na wateja wale wakapotea. Sikuwahi kusikia afisa yeyote akizungumzia hilo, na kwa kiwanda cha ukubwa wetu lilikuwa jambo la kusimamisha au kuwasha mashine nzima.

Sasa nirudi kwenye ule msitari wa stima, kwa kuwa pale kiwandani tuna chama cha wafanyakazi na tuna CBA, yaani mkataba wa pamoja na mwajiri, na CBA yetu husainiwa kwa miaka miwili. Fikiria iliyosainiwa mwanzo wa 2022: imeanza dola ikiwa 113 na kwisha dola ikiwa 160. Katikati hapo kampuni ya umeme ilirekebisha bei kila mwezi, sisi tukasubiri. Pendekezo langu, ambalo nimeliandika kwa mkono na kumpa katibu wa tawi, ni kwamba mkataba ujao uwe na kifungu cha fedha za kigeni. Dola ikisogea zaidi ya asilimia 10 kutoka siku ya kusaini na ikakaa huko miezi mitatu mfululizo, pande mbili zikutane hata kama mkataba haujaisha.

Mhasibu wetu, mtu mzuri tunayekunywa naye chai, aliniuliza swali lililonikaa: na dola ikishuka, mtakubali kukatwa? Jibu langu ni hapana, na sidhani kama ni uroho. Kifungu kisiguse mshahara wa msingi kabisa. Kwa kiwanda kinachouza nje, dola ikipanda itolewe posho ya muda, ya chakula au ya nauli, na ikishuka posho ikome. Kwa kiwanda kama chetu kinachoumia dola ikipanda, tusidai pesa ambazo hazipo. Tudai siku. Kibarua ahakikishiwe idadi fulani ya siku kwa mwezi, na zinazopatikana zigawanywe kwa wote, isiwe supavaiza anaita anaowapenda. Mhasibu akasema hilo la siku hata mwenye kiwanda aweza kulisikiliza, kwa sababu kumfundisha kibarua mpya mashine kila baada ya miezi mitatu nako ni gharama. Mikono isiyozoea hutoa madonge mengi.

Katibu wa tawi alisoma, akasema litaingia kwenye orodha ya hoja baada ya gloves, sabuni na posho ya usiku. Sikumlaumu. Gloves zinaonekana.

Aliyelipinga kwa nguvu ni shemeji. Kwao hakuna chama chenye meno, na mikataba ni ya miezi michache, huandikwa upya oda mpya ikija. Nilipomsomea kifungu changu alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchicha, kisha akauliza: "Hiyo miezi mitatu ya kungoja dola ikae, mimi nitakuwa bado niko ndani?" Anachotaka yeye ni mkataba unaoishi kuliko oda moja. Mambo ya dola, asema, atayajadili akishakuwa mtu anayeweza kuitwa mkutanoni mara mbili.

Kwa hivyo rasimu sasa ina vifungu viwili. Chake nimekiweka cha kwanza.